Pengo Kwenye Minyaa

Mnyaa ukikatwa unanuka. Si harufu mbaya, ila inakaa kooni, kitu kama majani mabichi na maziwa yaliyolala, na mtu aliyekulia Usukumani hawezi kuichanganya na nyingine. Wenzangu wa umri wangu mnaijua. Tuliambiwa utomvu ule ukiingia jichoni unapofuka, tukakatazwa kuuchezea, na bado tuliuchezea.

Juzi nimeikuta harufu hiyo msibani. Tulikuwa tunamzika sengi yangu, dada yake baba, kijijini kwetu upande wa Dutwa, na vijana walikuwa wamekata kipande cha ua wa minyaa unaozunguka boma ili magari yapate pa kuingilia. Nilishuka kwenye pikipiki na maneno yangu yote ya msibani mdomoni, ile harufu ikanifikia, nikasimama pale pale. Watu wakadhani ni uchungu wa Sengi. Uchungu ulikuwepo, sikatai, lakini kwa muda ule nilikuwa mtoto wa miaka minane aliyefungiwa, na nilikuwa natafuta mahali pa kutokea.

Kaburini alikuwepo mwanaume mmoja niliyekuwa simjui, mrefu, ndevu zimeanza kuota mvi. Wakati wa kutupa udongo alipisha. Kila aliyesogea alimpisha, mpaka vijana wakaanza kufukia kwa majembe na yeye hajatupa hata punje. Baadaye alinifuata nilipokaa na wanawake wenzangu, akachuchumaa kwa heshima, akasema anaitwa Masunga, ni mtoto wa marehemu, ametoka Nassa.

"Wananiambia wewe ndiye uliyelelewa naye," alisema. "Nina swali moja tu, halafu niwahi gari. Aliwahi kututafuta?"

Hilo si swali la kujibiwa kwenye mkeka, mbele ya watu wanaokunywa chai. Nikamwambia anyanyuke tutembee kidogo, tukapita nyuma ya boma. Na ninyi tembeeni nasi, maana jibu lake haliishi kwa sentensi moja.

Mama yangu aliondoka nyumbani msimu wa kuuza pamba, baada ya ugomvi na baba ambao sikuambiwa ulihusu nini, na mpaka leo nimeambiwa nusu nusu. Alikwenda Lamadi kwa dada yake, akaanza biashara ya dagaa. Mimi nikabaki. Hapakuwa na mjadala. Kwetu mtoto ni wa upande uliotoa ng'ombe, na mke aliyeondoka kwa hasira harudi kwa miguu yake mwenyewe. Ndugu zake humleta, wazee wakakaa, yakaongelewa, ndipo akapita tena mlango wa boma. Ndugu zake mama hawakuwa na haraka. Baba naye hakuwa na haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Baba aliogopa kitu kimoja, kwamba mama angeniiba. Kwa hiyo nikawekewa mlinzi, na mlinzi mwenyewe akawa Sengi Minza. Alikuwa amerudi kwao kutoka kwa mume kabla mimi sijapata akili. Mwanamke mwembamba, miguu mirefu, si mtu wa kucheka. Shule nilikwenda na kurudi mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Kisimani hivyo hivyo, kanisani hivyo hivyo, na hata nikienda kujisaidia alisimama karibu anakohoa ili nijue yupo. Nilikuwa na hakika ananichukia, tena nilijua na sababu: yeye hana mtoto, kwa hiyo anamwonea wivu mama. Nilikuwa sijawahi kumwona na mtoto, na mtoto wa miaka minane husoma kile alichokiona.

Boma letu lilizungushiwa minyaa minene, mizee, iliyopandwa na babu. Kwa kimo changu dunia iliishia hapo. Nilikuwa nasikia baiskeli zinapita njiani, nasikia wenzangu wanacheza rede, nasikia kengele za ng'ombe wa jirani, na vyote vilikuwa nyuma ya ule ukuta wa kijani usio na hata mwiba. Ungekuwa na miiba ningeuelewa. Huu ulikuwa laini, ukiuvunja unatoa maziwa, na bado sikuwa na ruhusa ya kuupita.

Kwenye kona ya nyuma, karibu na zizi la ndama, palikuwa na upenyo. Hapo ndipo ilipoanzia njia ya ng'ombe: mistari miwili ya minyaa iliyoshuka mteremko ikapita katikati ya mashamba, kulia shamba la pamba, kushoto shamba la pamba, mpaka kwenye ngitili. Ngitili ni kile kipande cha nyasi na miti ambacho kila mji uliojiheshimu ulikitenga ili mifugo ipate cha kula kiangazi. Mvua zikianza, ngitili inafungwa. Ng'ombe haingii, na mtu hapiti humo kukanyaga nyasi ovyo, isipokuwa wanawake wanaochuma mlenda. Na ngitili ikifungwa, njia ya ng'ombe nayo inabaki haina mtu.

Mwaka ule mvua za kwanza zilipiga vizuri. Njiani nyasi zikaota zikanifika kiunoni, mitambaazi ikapanda juu ya minyaa ikatoa maua ya njano na ya zambarau. Siku moja ya gulio nilikuwa nimechuchumaa kwenye kona ile, nachimba ardhi kwa kijiti kwa sababu sikuwa na la kufanya, nikasikia jina langu.

"Kabula."

Kwanza niliogopa, kwa kuwa aliyeita ilikuwa minyaa. Halafu nikasikia harufu ya dagaa.

Mama alisimama upande wa pili, kwenye njia. Hakuingia. Mguu wake haukuvuka mstari ule hata siku moja, na hilo alilichunga sana, ili siku ya kukaa na wazee asije akaambiwa aliingia boma la watu kwa kificho. Alipitisha mkono tu. Nilimpata mama kwa vipande: jicho, bega, pindo la kanga, vidole vyenye maandazi. Nilivishika vile vidole nikavinusa. Vilinuka dagaa na moshi na mafuta ya kupakaa, na utomvu ulikuwa umemdondokea kwenye kiganja ukaganda.

"Unakula?" aliniuliza.

"Nakula."

"Sengi yako anakupiga?"

"Hapigi. Ananishika tu."

"Basi mwache akushike," mama alisema. "Mimi nitakuwa nakuja siku za gulio. Usimwambie mtu."

Akawa anakuja. Akishauza dagaa zake, alizungukia ngitili, akashika njia ya ng'ombe akiwa ameinama, akapanda nayo mpaka kwenye kona yangu. Pamba pande zote mbili, watu wanapanda, baba mwenyewe yumo humo shambani na jembe la kukokotwa, na hakuna aliyemwona. Ile minyaa niliyokuwa naichukia ndiyo iliyomficha.

Sasa hapo ndipo walipoingia vipepeo. Walikuwa wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi, pamoja na wale weupe wadogo, na walitokea chini kule kule anakotokea mama, mchana umande ukishakauka. Hawakupita juu ya mashamba. Walifuata minyaa, wakipinda inapopinda, wakitua kwenye ua, wakinyanyuka, mpaka wakaingia bomani kwenye maboga ya bibi, mama yake baba. Nyuki nao walipita humo humo. Mimi nikaunganisha mambo: mama anawatuma watangulie, waangalie kama Sengi yupo. Nilikuwa sijiulizi wanafanya nini siku zisizo za gulio, maana siku hizo sikuwa nawatazama. Wakitokea tu, nakaa sawa, najifuta vumbi usoni.

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Bariadi, na nilipomsimulia hili alinirekebisha vizuri tu. Anasema wadudu wengi hawapendi kukatiza mahali peupe, penye jua kali na upepo na ndege wa kuwala. Pori likishakatwakatwa vipande, wao wanapita kwenye ukanda wowote wa vichaka uliobaki kati ya kipande na kipande. Unaitwa ushoroba, kama zile shoroba za tembo tunazozisikia redioni, ila huu ni wa viumbe wadogo.

"Kwa hiyo bibi hakuwatuma," alisema.

Nikamwambia sawa, mwalimu, nimekubali. Lakini bibi yake, mama yangu, naye alikuwa anaogopa mahali peupe, na njia ilikuwa ile ile moja.

Nilitaja kwamba Sengi alikuwa akinishika. Sikutaja kwamba alikuwa akininusa. Jioni za gulio alichukua mikono yangu, akaipeleka karibu na pua yake, kisha akasema, "Kanawe na majivu." Basi. Nilidhani ni usafi wake tu, kwa sababu alikuwa mtu wa kusugua kila kitu.

Kabla kupanda hakujaisha, baba aliamua kuunganisha yale mashamba mawili. Alishachoka kugeuza ng'ombe kila anapoifikia njia, na ng'ombe wenyewe walikuwa na njia nyingine ya kwenda ngitilini, kwa hiyo hakuona faida ya minyaa ile. Sidhani alijua chochote. Alikuwa mkulima anayetaka mstari mrefu. Akakata katikati, kipande kirefu, akaacha kidogo upande wa boma na kidogo upande wa ngitili. Walipochoma ile minyaa tulifungiwa ndani tusipofuke na moshi wake, na hata ndani harufu ilitukuta. Kesho yake palikuwa peusi. Siku chache baadaye palikuwa pamba.

Gulio lililofuata nikakaa kwenye kona yangu. Vipepeo hawakuja. Mama hakuja.

Nikasubiri gulio jingine, na jingine. Sikuwa na wa kumuuliza, maana lilikuwa jambo la siri, na simu za mkononi enzi hizo zilikuwa za matajiri wa pamba. Niliendelea kutazama ile kona mpaka Sengi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa nimekwishapata sababu yangu mwenyewe. Mara ya mwisho mama alipokuja nilimwambia maandazi yake hayana sukari. Alicheka, lakini mimi sasa nikaamini kwamba alikasirika, na kwamba ameondoka kwa sababu ya maandazi kama alivyoondoka kwa baba kwa sababu nisiyoijua. Nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Ukiwa mtoto huna pa kulipeleka jambo la namna hiyo, unazunguka nalo ndani ya boma tu.

Bibi naye alikuwa na lake. Maboga yake yalitoa maua mengi mwaka ule, lakini matunda yaliishia kuwa vidole vya manjano, yanapukutika. Alisema kuna mtu mwenye jicho baya amepita. Akamtaja na jirani mmoja ambaye masikini hakuwa amefanya lolote. Hakuna aliyesema nyuki wamepungua, na mimi niliyeona hivyo sikujua kama ni jambo la kusemwa.

Kuna siku nilijipenyeza nikashuka kipande cha njia kilichobaki, mpaka mwisho wake, pale palipokatwa. Palikuwa na kipepeo wa rangi ya machungwa. Alikwenda mpaka mnyaa wa mwisho, akatoka kidogo juu ya pamba changa, akapanda, akashuka, akarudi. Akatoka tena, akarudi. Nikamwona mjinga. Ngitili ilikuwa inaonekana kabisa, kivuli kile kule, na mwenzangu mabawa anayo. "Si uende," nilimwambia. "Nani amekushika?" Halafu nikatazama ule uwazi na mimi, nikamwona baba na vibarua wanapalilia, na mgongo ukaniwasha. Nikarudi bomani.

Ilikuwa siku ya gulio nyingine, pamba imeshanifika magotini, nilipovuka. Sikupanga. Sengi alikuwa anapembua mtama uani, amenipa mgongo, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona yangu nikihisi kwamba nikikaa pale dakika moja zaidi nitapiga kelele. Nikashuka njia. Nilipofika mwisho wa minyaa sikusimama, kwa sababu nilijua nikisimama nitarudi. Nikakimbia. Sijawahi kuona mahali papana namna ile. Udongo wa mbuga ulinishika miguu, kiatu kimoja kikabaki, nikasikia mtu anaita jina langu shambani, na mtu mwingine anacheka. Nikakimbia mpaka nikaingia kwenye kile kipande cha minyaa cha upande wa pili, nikaanguka.

Mama hakuwepo.

Lakini palikuwa na mahali. Nyasi chini ya mnyaa wa mwisho, ule unaotazama boma letu, zilikuwa zimelala, zimelala hasa, mpaka ardhi imeonekana. Mtu alikuwa amekaa hapo si mara moja. Na kwenye matawi ilining'inia mifuko myeusi ya plastiki. Mmoja ulikuwa umepauka, umetoboka, sisimizi wanaingia na kutoka na vichwa vya dagaa. Mwingine ulikuwa na maandazi yaliyoota ukungu. Wa tatu ulikuwa mpya. Niliufungua. Maandazi yalikuwa laini. Niliuma moja nikiwa nimepiga magoti, na lilikuwa na sukari nyingi mno, sukari ya kukera.

Hapo nililia. Mimi si mtu wa kulia ovyo, na sikuwa hivyo hata utotoni, ila siku ile nililia kwa sauti, mdomo umejaa. Kumbe alikuwa anakuja. Alikuwa amekaa pale anatazama bati la nyumba yetu, na mimi nimekaa kule natazama kona, na katikati yetu pamba tu na watu wanaoona. Leo pia alikuwepo, na ameondoka muda si mrefu. Nikaita, "Mama." Ngitili haikujibu.

Aliyekuja ni Sengi. Nilimsikia anahema kabla sijamwona, na mkononi alikuwa na fimbo. Alinishika bega. Kisha akaona ile mifuko. Akaona nyasi. Akachukua andazi moja, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Hili ni la leo," alisema.

Fimbo ikamwanguka, au aliiacha, sijui. Akakaa. Alikaa pale pale nyasi zilipolala, akanyoosha miguu yake mirefu, akatazama boma kama anayekaa hapo alivyokuwa analitazama.

"Nilikuwa nanusa mikono yako," aliniambia. "Nilijua anakuja. Ilipoacha kunuka dagaa nikasema basi, amechoka, amepata maisha yake. Nilimchukia kwa hilo, Kabula. Nikasema angalau yeye alikuwa na pa kupitia." Akautazama ule uwazi. "Kumbe baba yako amekata njia."

Nikamuuliza kwa nini mama asivuke tu, kama mimi nilivyovuka.

"Wewe ni mtoto. Wewe utachapwa, yaishe. Yeye akionekana katikati ya shamba anazunguka boma, wazee watasema ni mwizi wa mtoto, na hutamwona tena mpaka unaolewa."

Alisema hivyo akiwa bado anatazama mbele. Halafu, bila mimi kumuuliza, akaanza kuniambia habari za Nassa. Nilikuwa sijui kama ana habari za Nassa.

"Mimi nina watoto wawili kule," alisema. "Usishangae, na mimi nimezaa. Nilipoondoka walibaki kwa baba yao. Nilikwenda kuwaangalia. Lakini nyumba yao iko katikati ya majaruba ya mpunga, mbuga tupu. Hakuna minyaa, hakuna kichaka, hakuna hata mgomba. Ukitokea barabarani tu, aliye mlangoni ameshakuona. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni anapeta mchele. Na mtoto wangu mdogo alikuwa anacheza uani, ana shati jekundu."

"Ukafanya nini?"

"Nikapita. Nikajifanya mpita njia, nikapita. Nikafika mbele, nikageuka, nikapita tena. Mtu hawezi kupita mara nyingi mahali peupe, wanaanza kuuliza. Nikarudi kwetu."

"Hukuwasalimia?"

"Ningewasalimia nikiwa nani?"

Niliinua andazi nikampa. Sikujua kingine cha kumpa. Alilila taratibu lote, akajifuta mikono kwenye kanga, akanishika mkono kama kawaida yake, mkono ule ule mgumu. Tulipofika katikati ya shamba baba alikuwa anatungoja, jembe begani, uso umekunjamana. Akauliza mtoto alikuwa anakwenda wapi.

"Nilimtuma mlenda," Sengi alisema. "Amesahau ungo. Ndiyo akili za watoto wako hizo."

Baba alimtazama dada yake, akanitazama mimi na kiatu changu kimoja, akarudi kwenye mstari wake. Vibarua wakacheka. Sengi alikuwa hajawahi kusema uongo mbele yangu, na nilishangaa ulivyomtoka bila kukwama.

Gulio lililofuata alichukua ungo mwenyewe. Akamwambia bibi tunakwenda kuchuma mlenda ngitilini, na bibi akasema tulete na wa kukausha. Hatukupita kwenye kona. Tulitokea mlangoni, mbele ya watu, tukakatiza shamba moja kwa moja. Sengi aliwasalimia waliokuwa wanapalilia, mmoja mmoja, "Mwadila, mwadila," kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, na mkono wake ulikuwa unatoka jasho ndani ya wangu. Hakuna aliyeuliza kitu. Mwanamke na mtoto na ungo wanakwenda kuchuma mboga, nani atauliza?

Tulipofika kwenye mnyaa wa mwisho aliniachia.

"Nenda," alisema. "Mimi sijaona mtu."

Mama alikuwa amekaa mahali pake. Aliponiona hakusimama, alifungua mikono tu, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nikampata mzima mzima, si jicho, si vidole. Alikuwa amekonda. Tulikaa hivyo bila kuongea la maana. Kila nikigeuza shingo nilimwona Sengi kwa mbali, ametupa mgongo, ameinama anachuma mlenda mahali pamoja tu, hasogei, mpaka pale pakawa hapana hata jani. Tukaenda hivyo kila gulio mpaka pamba ikachumwa. Mwaka ule nyumbani tulikula mlenda mpaka baba akauliza kama tumekatazwa mboga nyingine.

Ndugu za mama walikuja baadaye, wazee wakakaa, yakaongelewa, na hayakutengemaa. Mama hakurudi. Mimi niliendelea kubaki bomani mpaka nilipomaliza shule ya msingi, ndipo nikaruhusiwa kwenda Lamadi. Siku naondoka, Sengi alinisindikiza hadi barabarani, na alipouachia mkono wangu nilikaa na baridi kwenye kiganja safari nzima.

Haya yote nilimsimulia Masunga tukiwa tumesimama nyuma ya boma. Minyaa ya njia imekwisha kabisa siku hizi, hata vile vipande viwili havipo, na ngitili imebaki miti michache yenye shamba hadi kwenye mashina. Nilimwonyesha kwa mkono: iliishia hapa, ikaanzia tena pale. Nilipofika kwenye habari za Nassa aliinamisha kichwa.

"Shati jekundu," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Lilikuwa langu. Lilikuwa na mfuko mmoja. Nililivaa mpaka likachanika mgongoni." Akatazama lile shamba muda mrefu. "Sisi tulikuwa tunamtazama kila anayepita barabarani, tunakisia. Mimi na kaka yangu. Tulikuwa tunasema labda ni yule, labda ni yule. Bibi alituambia tuache ujinga."

Upepo ulileta ile harufu ya minyaa iliyokatwa, na kule bomani mtu alikuwa anamuita dereva asogeze gari. Nilimkumbusha habari za gari lake. Hakunisikia. Aliniuliza kaburi liko upande gani, na tulikuwa tumetoka huko saa ile ile.

Kuna njia ya kuzungukia pembeni mpaka kaburini, nzuri, isiyochafua viatu. Nilimshika mkono, mtu mzima na ndevu zake, tukakatiza katikati ya pamba, watu wote wanatuona.